Sauti ya Marehemu Tseng

"Maji yanakuja. Kimbieni milimani sasa hivi."

Sauti ilikuwa ya Tseng Kuan-yu.

Na Tseng Kuan-yu alikuwa amekufa.

Chiu Yi-shan alifunga breki ghafla, pikipiki yake ya umeme, Gogoro, ikateleza katikati ya Barabara ya Minsheng. Dereva wa teksi nyuma yake akamtukana tusi la nguoni. Tangu msiba alikuwa akiisikia sauti ile usingizini tu, na sasa ilikuwa mchana kweupe, Taipei ikichemka kwa joto.

"Nyuki, umeisikia?" Kidude cha redio sikioni mwake kiliuliza, kikimwita kwa jina lake la kijasusi. Alikuwa Mzee Pai, mkuu wake wa kazi.

"Nimeisikia, Mzee. Imetoka wapi?"

"Adui ameijaribu kwenye tovuti ya kijiji kimoja, nami nimekurushia. Saa tisa itatoka kwenye tovuti zote. Hospitali, shule, halmashauri. Nchi nzima."

Mfumo unaoendesha tovuti hizo, Yunqiao, ulikuwa umeboreshwa majuzi. Mhariri sasa angeweza kupanga ukurasa ujichapishe wenyewe saa aitakayo. Akiharibu, anarudisha toleo la jana. Lakini lililosifiwa kuliko yote ni hili: ukiandika neno, mfumo unalisoma kwa sauti, kwa ajili ya wazee na vipofu. Sauti hiyo aliirekodi Tseng, jasusi mwenza wa Yi-shan aliyejificha katika kampuni ya mfumo huo kwa kazi ya uhariri. Ndiyo iliyokuwa ikiwatangazia watu tufani na zamu za madaktari. Ikiwaambia maji yanakuja, nani atabisha? Watu wangekanyagana madarajani, walinzi wa bandari ya Keelung wangekimbia, na maadui kutoka nje wangepakua silaha zao hapo kwa raha.

Keelung. Hapo ndipo Tseng alipopigwa risasi akaangukia majini. Yi-shan aliamriwa arudi nyuma, naye akarudi, akamwacha.

"Tangazo limepangwa na akaunti gani?"

"Ya Tseng mwenyewe."

"Kwani haikufutwa?"

"Alikufa mwezi wa sita, mwezi wa saba wa kalenda yetu ukaingia, milango ya kuzimu ikafunguka. Fundi gani atathubutu kumfuta marehemu mwezi wa mizimu? Hata mimi nisingethubutu. Adui alilijua hilo." Mzee Pai akakohoa. "Yuko ndani ya jengo la kampuni yenyewe, ghorofa ya nane. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mbele ya jengo meza za sadaka kwa mizimu zilikuwa zimepangwa hadi barabarani. Kuku mzima, mananasi, bia, mifuko ya bisi. Kampuni nzima ilikuwa imesimama juani, vijiti vya udi mikononi.

"We dada, salimu kwanza!" mama wa mapokezi alimkaripia. "Utapandaje mikono mitupu? Watakufuata huko juu!"

"Wameshanifuata, mama. Nani hayupo hapa?"

"Bwana Liao, naibu mkurugenzi. Eti yeye haamini mizimu." Mama akabetua midomo. "Haya, tutamwona."

Lifti. Ghorofa ya nane. Bastola ya Glock mkononi.

Risasi ya kwanza ilipasua kioo juu ya kichwa chake.

Yi-shan alijitupa nyuma ya meza. Liao, mtu mnene mwenye tai ya buluu, alikuwa amejikinga upande wa pili wa ukumbi, kompyuta mbele yake. Risasi ya pili ikatoboa kiti. Kumfikia haikuwezekana, kumpiga kungekuwa kubahatisha.

Mezani juu yake kulikuwa na kompyuta ya Acer. Wafanyakazi walishuka kusali, wakaiacha wazi. Aliivuta chini, akafungua ukurasa mpya, akaandika, akabofya Soma.

Vipaza sauti vya darini vikanguruma kwa sauti ya Tseng.

"Bwana Liao. Mbona hukuja kunisalimu?"

Liao akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Niko nyuma yako. Maji ya Keelung ni baridi."

Loo! Asiyeamini mizimu aliruka, akageuka, akaanza kukipiga risasi kiti kitupu. Alipiga huku akiomba radhi, akimwita Tseng kaka, mpaka bastola ikalia ka, ka, ka. Yi-shan akamfikia. Teke moja la goti, pingu, kwisha.

Liao alihema sakafuni. Kisha, alipomtambua kuwa ndiye aliyemwacha Tseng Keelung, akacheka.

"Umenipata, lakini tangazo hulizuii. Ukilirudisha nyuma, linajipanga upya. Ni mali ya akaunti ya marehemu."

"Basi naifuta akaunti."

"Na sauti inakwenda nayo. Nakala zote niliziharibu mimi." Alimkodolea macho. "Utamuua mara ya pili, dada?"

"Nyuki, muda unakwisha," redio ilisema.

Yi-shan aliketi mbele ya kompyuta ya Liao. Kwenye kona ya skrini Tseng alikuwa akitabasamu, picha ndogo kama kifungo. Chini yake nafasi ya kuandikia ilikuwa tupu. Chochote atakachoandika, Tseng atakitamka.

Vidole vikaanza vyenyewe.

Yi-shan, nimekusame

Akasita. Machozi yakamtoka bila haya. Neno hilo alilitamani tangu siku ile, alilitamani kuliko usingizi. Na sasa lilikuwa umbali wa kubofya tu.

Lakini msamaha wa kujiandikia ni msamaha gani?

Alizifuta herufi moja moja.

"Nyuki! Unangoja nini?"

"Namuaga mtu, Mzee."

Akabonyeza Futa akaunti. Mfumo ukamwuliza: Una hakika?

"Sina," alisema.

Akabonyeza Ndiyo.

Saa tisa ilifika, ikapita. Redio ilikoroma. "Kimya nchi nzima. Keelung tumewanasa wote, na shehena yao. Kazi safi, Nyuki. Nyuki?"

Alikuwa ameshakichomoa kile kidude sikioni. Aliwapisha polisi mlangoni, akashuka kwa ngazi, akavaa kofia yake ngumu, akaondoa pikipiki taratibu kama mtu aliyetoka kununua chai.

Kwenye taa nyekundu ya kwanza alijaribu kuikumbuka sauti ya Tseng.

Haikuja.

Taa ikawa kijani. Waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi.