Nani Alikutwika?

Kufikia jioni ile Kevina alikuwa amebakiza mzigo mmoja tu: sanduku la bati lililojaa vyombo, zito kuliko vyote alivyobeba tangu asubuhi.

Aliyewahi kuhama nyumba peke yake analijua kosa hilo. Asubuhi una nguvu, unakimbilia mapazia, godoro na mabeseni, unajidanganya kwamba kazi inakwenda. Vizito vinakungoja mwisho, wakati magoti yameshalegea na kiuno kinauma hata ukikohoa. Si kwamba Kevina hakujitunza. Alijifunga kitenge kiunoni akakikaza. Aliinama kwa magoti, si kwa mgongo, kama muuguzi alivyomfundisha aliposhtua kiuno mwaka uliopita. Alipumzika, akanywa maji ya sukari, akarudi tena. Lakini mwili una mwisho wake. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na shingo imekakamaa kiasi kwamba akitaka kutazama pembeni aligeuka mzima mzima.

Gari lenyewe lilikuwa mbali. Mvua za pale kijijini Midia zilikuwa zimekula daraja la kijito kilicho chini ya boma, hivyo pikapu ya Swadiki iliegeshwa ng'ambo, barabarani. Kila kitu kilipaswa kuteremka kichwani mwa mtu, kivuke maji juu ya mawe, kipande upande wa pili. Na mtu huyo alikuwa Kevina.

"Swadiki, si unisaidie hata moja?" alikuwa amemwomba mchana.

"Mama, mimi dereva. Mimi hapana beba." Swadiki akarudi kulala garini, miguu nje ya dirisha.

Huyo angalau alikuwa mtu wa kukodiwa. Walioumiza roho ni wenye boma. Mama mkwe wake, Margarita, alishinda barazani kwenye kiti chake, shingo imezama mabegani kama siku zote, kidevu kinakaribia kifua. Hakuna pale kijijini aliyemkumbuka akiwa amenyooka. Wifi yake, Keji, alichambua maharagwe pembeni. Walimtazama Kevina akienda na kurudi, akienda na kurudi, wala hakuna aliyenyanyua hata mwiko. Siku ile hata moto hawakuwasha jikoni, asije akapata chai.

Walikuwa na kinyongo. Lokule, mume wa Kevina, alipata kazi mjini Arua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akapanga vyumba viwili mtaa wa Mvara, na sasa mke anamfuata. Kwa Margarita huo ulikuwa wizi wa mchana. Huyu mwanamke wa kutoka Ajia amekuja kumchukua mwanawe na kumwacha yeye na uzee wake.

Na Lokule mwenyewe? Aliahidi kuja Jumamosi kusaidia kuhama. Akaahidi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara bosi alimzuia. Leo amepiga simu kusema, "Wewe iko na nguvu, mimi nakujua." Kevina alikata simu. Angekuwa karibu angemzaba kofi.

Basi akasimama peke yake nyuma ya nyumba, sanduku miguuni, kata ya kitambaa kichwani. Sanduku la namna ile mtu hawezi kujitwika. Lazima mwenzako ashike upande mmoja, mnyanyue pamoja, nawe uingize kichwa chini yake.

"Keji!" aliita.

Aliita mara ya pili, akaacha.

Alijaribu kulipandisha kwa goti. Likamponyoka, likamchuna muundi. Akaketi juu yake, akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye migomba.

Ndipo aliposikia ile harufu.

Moto uliozimwa kwa maji. Majivu yaliyolowa, kuni zinafuka... Jikoni hapakuwa na moto tangu jana.

Akasimama. Na nyuma yake, karibu kabisa na sikio...

"Nakutwika?"

Sauti ya mwanamke. Ya chini. Imekauka.

Kevina hakugeuka. Alijua ni Keji, kaingiwa na haya mwishowe, na hakutaka kumwonyesha machozi. Alijifuta uso kwa bega.

"Nitwike," alisema.

Mikono ikapita huku na huku ya mabega yake. Sanduku likapaa. Likapaa tu, kama halina kijiko ndani, likakaa kichwani bila kishindo. Kisha mwanamke yule akashusha pumzi.

Haaa...

Pumzi ya mtu aliyeketi baada ya mwendo mrefu.

Lakini haikutoka nyuma.

Ilitoka juu.

Kevina akaanza kutembea, kwa sababu ukishatwikwa hufikirii, unatembea. Hatua za kwanza zilikuwa nyepesi. Kwenye mteremko uzito ukaja wote kwa mara moja. Kwenye mawe ya kijito maji yalimrukia miguuni, akayumba.

"Polepole," ikanong'ona sauti, juu ya kichwa chake.

Alifika ng'ambo hajui amefikaje. Swadiki, aliyekuwa na haraka ya kuwahi kabla barabara haijawa tupu, alilinyakua sanduku bila neno akalitupa nyuma ya gari. Kevina akangoja shingo inyooke.

Haikunyooka.

"Toa, Swadiki. Bado."

"Toa nini? Kichwa yako iko tupu."

Alipeleka mkono juu. Akaikuta kata. Juu ya kata, hewa. Na bado uzito ulikuwa pale, umekaa sawasawa, umetulia, kidevu chake kinasukumwa kifuani.

Swadiki alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. "Nani alikutwika?"

"Keji."

"Keji? Keji iko hapa na mimi. Jua iko bado juu, yeye iko hapa."

Kweli, Keji alitokea upande wa pili wa gari, ndoo ya maji mkononi. Hakuwa anamtazama Kevina. Alikuwa anatazama kule juu bomani, mdomo wazi.

Kevina aligeuka mzima mzima. Barazani, kwenye mwanga ule wa mwisho, Margarita alikuwa amesimama. Amesimama wima. Aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, taratibu, kama mtu anayejaribu gauni jipya. Kevina hakuwa anajua kwamba mama mkwe wake ni mwanamke mrefu.

Ndoo ikamponyoka Keji. "Mama?" aliita, akakimbia kupanda mlima.

"Twende," Swadiki alisema. "Mama, panda. Twende sasa hivi."

Walikuwa wameshauacha mji wa Koboko nyuma, lami imeshika, Kevina kainamia magoti yake na paji la uso karibu ligonge dashibodi, simu ilipolia. Margarita. Hakuwahi kumpigia kabla.

"Iko nzito?" aliuliza. Hakukuwa na salamu.

"Mama, umenifanya nini?"

"Mimi hapana fanya. Mimi nilimwambia tu, huyu nahama, enda na yeye."

"Ulimwambia nani?"

Margarita alishusha sauti. Alinong'ona, kama Keji yuko chumba cha pili.

"Mama ya bwana yangu. Wakati ya vita, sisi nakimbia kwenda Congo. Yeye miguu ilikufa. Alisema, nibebeni. Sisi iko na watoto, iko na vyombo, mizigo mingi... Tulimwaga maji kwa moto, askari wasione moshi. Tulimwacha pale kwa mafiga. Mbele, njiani, mimi nainua mzigo yangu. Mutu nyuma yangu aliuliza, nakutwika? Nilisema ndiyo."

Kevina alifumba macho. Ile harufu ilikuwa imejaa garini, na Swadiki alikuwa anashusha kioo huku akikohoa.

"Yeye nataka safari tu," Margarita aliendelea. "Mimi nilirudi, nilikaa. Leo amepata mutu nahama."

"Naitoa namna gani, Mama?"

"Mutu lazima akuulize mwenyewe, nakutua? Wewe nakubali. Basi, inaenda kwake. Mimi hapana mutu aliniuliza. Watoto nilizaa mimi, hapana. Wewe umekula kwangu miaka yote, uliniona hivi, hapana."

Ilikuwa kweli. Kevina alikuwa ameiona shingo ile kila siku aliyoishi pale, akaihesabu kuwa sehemu ya baraza.

"Lakini sikia," Margarita alisema, na sasa sauti iliingia ukali. "Mpe dereva. Mpe mutu wa njia. Lokule, hapana. Mtoto yangu, hapana kabisa."

Simu ikakatika.

Kevina akajaribu bahati yake, Mungu amsamehe.

"Swadiki, shingo inaniuma sana."

"Pole, mama."

"Nimelemewa kabisa. Sijui nifanye nini."

"Pole sana." Akaongeza sauti ya redio.

Njia nzima Kevina aliguna, akalalamika, akajishika kichwa. Swadiki alitoa pole kila mara na hakuuliza kitu. Mtu mchoyo wa msaada namna ile hata shetani hapati pa kumshika. Kwenye kila kilima pikapu ilikoroma kana kwamba imebeba saruji, na kati ya kichwa cha Kevina na paa la gari, mahali ambapo paka asingeenea, mtu alikuwa anavuta pumzi zake kwa raha.

"Tumefika?" iliuliza sauti, walipoanza kuziona taa za Arua.

Swadiki alishtuka akamtazama Kevina. Kisha akatazama mbele, akakanyaga mafuta.

Lokule alitoka nje na tochi. Alikuwa ameoga. Alinukia sabuni, shati limepigwa pasi, na Kevina, mwenye matope hadi magotini na damu iliyokaukia kwenye muundi, aliinusa ile sabuni akajisikia kumchukia mtu huyu kwa moyo wake wote.

"Karibu nyumbani!" alisema Lokule. Halafu mwanga wa tochi ukamwangukia shingoni. "Kevina? Iko nini na shingo?"

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: usiniulize kitu. Ni hayo tu, yangetosha. Mumewe angekasirika kidogo, angeingia ndani, na yeye angebaki na mzigo wake mpaka apite mtu mwingine mwema, mtoto wa jirani labda, au mwanamke wa kanisani. Au asipite mtu yeyote, akazeeka anatazama vidole vyake vya miguu.

Lokule aliweka tochi chini. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpokea hata dumu la maji. Sijui ni dhamira ilimsuta, sijui ni ile damu aliyoiona, lakini alimsogelea kwa upole ambao Kevina alikuwa ameungoja tangu arusi yao.

"Pole, mke yangu. Umebeba sana." Akanyoosha mikono. "Nakutua?"

Simu ikaanza kulia kwenye kitenge chake. Kevina alijua ni nani.

Aliiacha ilie. Alifikiria Jumamosi zile zote. Alifikiria, wewe iko na nguvu.

"Nitue," alisema.

Shingo yake ikalia mara moja, ikapanda. Ee, raha ile! Aliona nyota. Aliona paa la nyumba yake mpya na nyaya za umeme juu yake, na furaha ikamjaa hadi akacheka kwa sauti, na papo hapo akaiogopa furaha yake. Mbele yake kidevu cha Lokule kilikuwa kinashuka. Polepole. Kikakaa kifuani.

"Eh," Lokule alicheka, ameduwaa. "Ulibeba nini?"

Haaa... ikajibu pumzi, juu yake.

Swadiki alishusha mizigo yote peke yake usiku ule, mbio mbio, sanduku la bati likiwemo, na wala hakungoja chai.

Simu ililia tena. Kevina alikwenda kuipokelea uani.

"Nani amekutua?" Margarita aliuliza.

"Dereva, Mama."

Mzee yule akaangua kilio cha shukrani. "Mungu akubariki," alisema. "Mungu akubariki, mtoto yangu." Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

Sasa wameshazoea Mvara. Dukani wanasema Lokule ameharibiwa na mifuko ya saruji, na mtu akisogea kutaka kumsaidia anamkatiza kabla hajamaliza kuuliza. Mwanamume hataki kuonekana ameshindwa. Margarita anapiga simu kila Jumapili. Anasema mwili umerudi, analima tena, na baada ya mavuno atapanda gari aje kumwona mwanawe. Kevina humjibu kwamba nyumba bado ni ndogo.

Ni mke mwema, mtu asiseme vinginevyo. Humchemshia mumewe maji ya chumvi akamkanda shingo. Humkatia nyama vipande vidogo, kwa sababu kumeza ni shida. Lakini jioni, kabla hajawasha jiko, ile harufu ya majivu yaliyolowa huingia chumbani, na Lokule huyainua macho hadi pale yanapoweza kufika, akamtazama mkewe. Anamngojea amuulize neno moja dogo.

Kevina huokota sahani, akaenda kuosha vyombo.