Wimbo Uliomposa Mzee Eusebio

"Sema ukweli, Nubia. Adalberto ameshauachia wimbo wake au bado?"

Leovigildo Maestre alisimama mlangoni pa karakana saa moja asubuhi, vifungo vya shati vimepishana. Nubia hakuinua kichwa. Akodiani ya Leovigildo ilikuwa mezani mbele yake, imefunguliwa tumbo, naye alikuwa anakwangua kibati cha sauti kwa tupa nyembamba.

"Kunywa kahawa kwanza, Leo. Adalberto huniletea akodiani yake, haniletei siri zake."

"Lakini anayo mashine ya akili bandia kama yangu?"

"Nyie wawili mna miaka hamsini na kitu, na bado mnashindana kama watoto!"

Ndivyo walivyokuwa. Adalberto Cujia alipoleta moshi jukwaani, wiki iliyofuata Leovigildo alileta moshi mwingi zaidi, mpaka wazima moto wakaja. Leovigildo alipovaa maikrofoni ya sikioni, Adalberto alivaa mbili. Na muda wote huo waliitana compadre, kwa sababu Leovigildo alimsimamia binti wa Adalberto ubatizo. Pale mjini kwao Villanueva, mpiga akodiani aliyekuwa wa pili alikuwa kama hajatokea kabisa.

"Safari hii namfunga," Leovigildo alisema. "Mashine imejifunza sauti yangu. Mtu akiufungua wimbo kwenye simu yake, katikati namsalimu kwa jina lake mwenyewe. Kila mtu!"

Tupa ikasimama.

Katika nyimbo za kule, mwimbaji huita majina ya watu anaowasalimu, na mwanamume akiita jina la mwanamke, mji mzima unaijua nia yake. Katika miaka minane ya uchumba wake na Nubia, Leovigildo alikuwa ameshamwita mchinjaji, daktari wa mifugo na mbuzi wa meya. Jina la Nubia alikuwa hajaliita hata mara moja. Kwenye droo kulikuwa na barua ya dada yake wa Riohacha: njoo, chumba cha karakana kipo. Nubia alikuwa amekata shauri. Wimbo huu ukitoka bila Leo kulitaja jina lake kwa kinywa chake, Jumamosi anapanda basi.

"Kila mtu," alirudia. "Basi na mimi nitaitwa."

"Na wewe pia!" Leo alijibu kwa fahari, kama mtu aliyempa shada la maua.

"Pamoja na mchinjaji."

"Pamoja na... Nubia, mbona unaifunika akodiani yangu?"

"Nimechoka. Nenda."

Saa nne ujumbe ukaingia:

"UMETOKA!!! Nimemtangulia Adalberto kwa dakika ishirini! Sikiliza mpenzi!"

Nubia alikuwa uani na baba yake, mzee Eusebio, wakichambua maharage. Alifuta mikono, akaufungua wimbo. Akodiani iliingia vizuri. Kisha sauti ya Leo ikalainika:

"Na huu ni wako, kipenzi changu, mwenye midomo ya asali... Eusebio Arregocés!"

Mzee aliacha maharage.

"Laini yako tuliisajili kwa jina langu," alikumbuka polepole. "Lakini huyu bwana ana haraka. Hata maua hajaleta!"

Nubia alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akalia kweli. Mzee alimpa leso, akalivuta bakuli la binti yake, akachambua maharage ya wote wawili.

Kufikia mchana mji ulikuwa umechafuka. Mke wa mchinjaji aligundua kwamba laini ya mumewe imesajiliwa kwa jina la mwanamke mwingine, Yuleidis, na bucha likafungwa. Kasisi alisifiwa midomo yake mbele ya wanakwaya. Naye Adalberto, akitaka kumwaibisha mwenzake, alitoa spika uwanjani, akaunganisha simu yake mwenyewe na kuufungua wimbo wa Leo.

Alasiri alimpigia Nubia.

"Umesikia?"

"Mji mzima umesikia. Hongera kwa kupata mchumba."

"Cheka tu. Wimbo wangu nimeufuta, ulikuwa na maneno mabaya zaidi. Sasa sikiliza. Compadre kajifungia ndani. Anasema umemfukuza, na akodiani yake iko kwako. Nimempa yangu."

"Wewe? Hujawahi kumwazima hata mkanda!"

"Mtu kaniambia midomo yangu ni asali mbele ya uwanja mzima, halafu nimwache mikono mitupu?"

Ijumaa asubuhi Nubia alikuwa anafunga tupa zake kwenye kitambaa alipomsikia Leo nje.

"Nubia, nifungulie. Mzee kaniambia kesho unapanda basi."

"Miaka minane, Leo! Mbuzi wa meya umemwita mara mbili!"

"Meya aliomba! Majina yote yale naombwa!"

"Kwa hiyo na mimi nilitakiwa niombe?"

Leo alijibu kwa sauti ya chini kabisa:

"Hapana. Naogopa. Nikifika kwenye jina lako koo linakauka. Mara tatu nimejaribu jukwaani, nikajikuta namwita daktari wa mifugo. Nikaona mashine itanisemea."

"Mashine imemposa baba yangu."

"Najua."

Akodiani ya Adalberto ikaanza. Majirani walitoka milangoni. Leovigildo aliimba vizuri mpaka alipofika mahali penyewe, vidole vikasimama. Akakohoa.

"Sema, compadre!" Adalberto alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Ila usinitaje mimi!"

"Kwa... kwa Nubia Esther Arregocés," Leo alisema, na sauti ikapasuka kama ya jogoo mchanga. "Fundi wa akodiani zote za mji huu. Nimechelewa kukuita. Niolewe... yaani, nikuoe. Nubia. Nubia."

Mlango ukafunguliwa. Nubia aliangalia vifungo vya shati, bado vimepishana, akavifungua viwili na kuvifunga vizuri. Kisha akagusa akodiani.

"Kuna kibati kimelegea humu. Adalberto ailete Jumatatu."

"Lakini Jumatatu utakuwa Riohacha."

"Nimesema Jumatatu. Na yako itakuwa tayari."

Leovigildo alimkodolea macho. Ng'ambo ya barabara Adalberto alirusha kofia yake juu.

"Amekubali! Amekubali! Na wa kwanza kujua ni mimi!"

"Si kweli!" Leovigildo aligeuka. "Nilikuwa nimeshajua!"

Kutoka uani mzee Eusebio akapaza sauti:

"Mwambieni aingie anywe kahawa. Mimi najitoa."