Niko Njiani, Mama

Siku hiyo nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Jumanne, mchana mweupe, redio ya jirani inaimba. Simu yangu ilikuwa juu ya cherehani, imejaa chaji, sauti imewashwa mpaka mwisho. Naanza na simu kwa sababu baadaye kuna ndugu waliosema sikupokea. Haikulia! Ningepokea nini?

Mama yetu alikuwa anaishi peke yake, miguu imechoka lakini mdomo mzima. Alipoanguka mara ya kwanza tukamfungia kengele ya msaada: kidude cheupe chenye kitufe chekundu anachovaa shingoni, na boksi lenye spika pale sebuleni. Akibonyeza, boksi linampigia mtoto wa kwanza kwenye orodha. Sauti ya mashine inasema, "Mama yako anahitaji msaada. Kama unakwenda, bonyeza moja." Ukibonyeza moja, unaongea naye popote alipo ndani ya nyumba, na boksi halimsumbui mtu mwingine. Usipobonyeza, linampigia wa pili.

Kibanda changu cha ushonaji kipo dakika kumi kwa miguu kutoka kwa Mama. Ofisi ya kaka yangu ipo upande wa pili wa mji, saa nzima kwa gari hata barabara ikiwa nyeupe. Nani awe wa kwanza? Mtoto wa chekechea angejibu. Lakini fundi alipotoa karatasi ya majina, kaka alimpokonya kalamu.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Wewe utanitangulia vipi?"

Mama akacheka. "Mwache aandike, asije akanuna."

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Jumanne ile nilifunga kazi mapema, saa kumi na moja na nusu nikawa kwa Mama na mkate mkononi. Nilimkuta bafuni, chini, amelala ubavu wa kushoto, bomba linadondosha maji. Mkono wake ulikuwa bado wa moto kidogo. Kidude alikuwa amekishika. Daktari alisema maneno ambayo sitayasahau: angewahiwa, angepona.

Kaka alikuja, akalia kuliko sisi sote. Akawaambia ndugu mashine ilikuwa mbovu, simu yake haikulia. Wakamwamini. Kisha wakageuka, wakaniangalia mimi niliye karibu.

Baada ya mazishi nilichomoa boksi ukutani, nikatoa betri, nikalizungushia waya wake na kulipeleka kwa kampuni iliyolifunga. Mhudumu wa pale, mama mtu mzima mwenye miwani, aliniambia simu zote hurekodiwa. Akanivalisha vipokea sauti, halafu akatazama pembeni. Nadhani alishaisikiliza.

Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mlio wa moja kubonyezwa. Mama: "Mwanangu, nimeanguka bafuni. Siwezi kuinuka." Nyuma ya kaka watu wanacheka, vijiko vinagonga vikombe. Kaka: "Niko njiani, Mama. Nakaribia. Usibonyeze tena, utasumbua watu." Mama: "Haya, baba. Nakusubiri."

Basi. Hakuna simu nyingine.

Najua, sote tunasema niko njiani huku tunatafuta soksi. Mimi mwenyewe huwaambia wateja nguo ipo kwenye pasi wakati bado ni kitambaa. Lakini mama yako yupo sakafuni! Alimwamini. Alikaa na kitufe mkononi zaidi ya saa mbili bila kukibonyeza, asisumbue watu. Nilitoka pale na boksi kwapani na nakala ya rekodi kwenye simu, na hasira yangu sijaimaliza.

Jumapili nililibeba boksi mpaka kwa kaka. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme ukweli mbele ya ndugu wote. Wifi yangu alinifungulia mlango, macho yamemvimba.

"Afadhali umekuja," alinong'ona. "Simu yake inalia kila siku, saa ileile, tisa na ishirini. Inaandika Mama. Amebadilisha mpaka laini."

Kaka alikuwa kwenye kochi, amekonda kama mgonjwa. Niliweka boksi mezani mbele yake. Halina umeme. Halina betri. Nilikuwa sijafungua mdomo taa yake ya kijani ilipowaka.

Simu yake ikalia.

"Pokea," nilimwambia.

Alitikisa kichwa. Nikainyakua, nikabonyeza moja. Boksi likakohoa. Tukasikia maji yanadondoka. Tone. Tone. Kisha pumzi ya mtu aliyelala chini.

"Umefika wapi, baba?"

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata maini. Wifi alijiziba mdomo kwa kanga. Kaka alikodoa macho. Midomo yake ikajisemea yenyewe.

"Niko njiani, Mama."

Taa ikazimika.

"Hata sasa?" nilimfokea. "Hata sasa unamdanganya? Amekusubiri akiwa hai, anakusubiri akiwa maiti! Nenda!"

"Twende wote, mdogo wangu."

"Mimi hakuniita. Uliandika jina lako juu, kaka. Nenda mwenyewe."

Nikachukua boksi langu nikaondoka. Sikugeuka nyuma.

Jumatano alasiri nilikuwa nakunja pindo la gauni. Boksi lilikuwa kwenye rafu, kati ya nyuzi. Taa ya kijani ikawaka. Saa ya ukutani ilisema tisa na ishirini. Na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu tulifunge, simu iliyolia ilikuwa yangu.

"Kaka yako anahitaji msaada. Kama unakwenda, bonyeza moja."

Nilibonyeza.

Maji. Tone. Tone.

"Mdogo wangu." Alikuwa ananong'ona. "Nimeanguka. Bafuni. Siwezi kuinuka."

Nilichomeka sindano kwenye pindo.

"Kuna mtu amenishika mguu. Mkono wake wa moto kidogo."

Nilitazama saa ya ukutani.

"Umefika wapi?"

Dakika kumi kwa miguu. Viatu nilikuwa nimevaa. Nilimwona Mama na kitufe chake. Nilisikia vile vijiko.

"Niko njiani, kaka," nilisema. "Nakaribia."

Nikakata simu. Nikamaliza lile pindo, nikashona na la gauni jingine. Mishono yote ilinyooka. Mkitaka kunihukumu, hukumuni.

Nilifika kwa Mama saa kumi na moja na nusu. Gari lake lilikuwa nje ya geti, mlango wazi. Nyumba ilikuwa na kufuli kwa nje, na ufunguo wa kufuli lile ni mmoja, upo kwenye mkoba wangu. Nilifungua. Bafuni hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiatu chake kimoja, cha kushoto. Maji tuliyakata siku ya mazishi, lakini sakafu ilikuwa imelowa.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Kaka hajaonekana mpaka leo. Ndugu sasa wameisikia rekodi, hakuna tena anayeniangalia vibaya. Nilichokitaka nimekipata.

Ila sakafu ile haikauki. Ina alama mbili za unyevu, mtu na mtu, wamelala ubavu wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake. Napiga deki, nafungua madirisha, zinarudi palepale. Jana nilikuta ya tatu, kando yao. Nilitoa tepu yangu ya kazini nikapiga magoti, nikapima mabega, kiuno, urefu wote. Vipimo vile sikuhitaji kuviandika. Ndivyo ninavyojishonea nguo zangu.