Bunduki Isiyoshika Vumbi

Bunduki nane zilikuwa zimepangwa ukutani, na saba kati yake zilikuwa na vumbi. Mama Pacha aliliona hilo kabla hata hajamaliza kusalimiana na fundi mwenye duka. Ya nane, iliyokuwa peke yake kwenye kona, mtutu wake uling'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Akauliza kama hiyo ndiyo iliyosafishwa karibuni. Fundi akasema hajaigusa tangu mwaka jana, kisha akageuza mazungumzo upesi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Mama Pacha alikuwa mwindaji wa kuajiriwa. Wakulima wa bonde zima walimtegemea kuwaondolea nguruwe pori kwenye mahindi yao, na kwa miaka kumi na minne bunduki ya marehemu baba yake haikumwangusha. Sasa ilikuwa imechoka. Msimu uliopita alikosa nguruwe sita kwa siku moja, na watu wakaanza kuteta kwamba mama wa watu amezeeka, macho yamemwisha. Aliyezeeka hakuwa yeye, ulikuwa mtutu. Ndiyo maana alikuja kutafuta bunduki nyingine, na akaja na mumewe, Baba Pacha, seremala asiyetoka nyumbani bila penseli nyuma ya sikio. Walikuwa na mgawanyo wao wa kazi: chuma angekagua mke, lakini mti wa kitako ungepita kwanza mikononi mwa mume.

Fundi akamtolea ya kwanza, nyepesi, yenye mtutu mwembamba kama mwanzi. Akaisifu kwamba mtu anaweza kutembea nayo kutwa asichoke. Mama Pacha akamwambia kwamba yeye hatembei, hukaa juu ya dungu akawasubiri, na nguruwe hawaji mmoja mmoja. Ukifyatua mara nne mfululizo mtutu mwembamba hupata moto, na ukishapata moto risasi huanza kupepesuka kama mlevi. Yeye alitaka bunduki ya kukoki kwa mkono, risasi moja moja, yenye mtutu mnene kutoka shinani hadi mdomoni, iliyo na uzito wa kutulia.

Fundi akaleta ya pili, kisha ya tatu. Komeo la kukokia la ile ya pili lilikwaruza lilipovutwa. Ile ya tatu, Baba Pacha alikigonga kitako chake kwa kidole akasema mti ulikatwa ukiwa mbichi, utapinda. Wote watatu wakabaki wanaitazama ile ya kona.

"Hiyo ni nzito mno, Mama Pacha," fundi alisema.

"Nimebeba mapacha mimi, mmoja mbele, mmoja mgongoni. Hebu nipe."

Ilikuwa nzito kweli, lakini ilipofika begani ikakaa kana kwamba alipimiwa na fundi wa nguo. Bila kujijua akanong'ona, "Nimekupata." Akavuta komeo nyuma.

Bunduki ikashusha pumzi.

Hivyo ndivyo alivyosikia, pumzi ndefu, kama ya mtu aliyejibana uvunguni na sasa aliyekuwa akimtafuta ameshapita. Hewa baridi ikampuliza mkononi, nayo ilikuwa na harufu ya manyoya yaliyolowa. Akamtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa ameinama anapapasa kitako, na uso ulikuwa umemkunjamana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka thelathini anashika mbao, lakini mti huu haujui, na tena una joto.

Fundi alipoulizwa bunduki ilikotoka, alieleza kwamba mteja aliyeinunua aliirudisha, akailaza juu ya meza na kuondoka bila neno, hata kofia yake akaisahau. Mama Pacha hakumbana, kwa sababu aliyekwisha kupenda haulizi sana. Akaomba kuijaribu.

Nyuma ya duka kulikuwa na uchochoro mrefu kati ya kuta mbili, na mwisho wake lundo la udongo lililosimamishiwa karatasi ya shabaha. Lilikuwa jua la saa saba, kali, vivuli vimejikunja chini ya miguu ya wenyewe. Mama Pacha akaketi, akaulaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, akalenga kwa darubini iliyofungwa juu yake, akafyatua mara tatu. Kila mlio kuta zikaurudisha. Mwangwi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha, baada ya kimya kifupi, ukaja wa nne.

Akamuuliza fundi kama amesikia. Fundi akatazama viatu vyake.

Baba Pacha akaenda kukagua shabaha, huku akipiga mluzi. Mama Pacha akaacha komeo wazi, kama alivyofundishwa na baba yake, akaiweka mikono mapajani.

Hapo akasikia komeo likifungwa. Akatazama chini, akaona ni mkono wake mwenyewe uliolifunga.

Harufu ya manyoya mabichi ikapanda ikamjaa puani na kooni, na shavu lake, ambalo hakuliamuru, likashuka likalala juu ya kitako chenye joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na jicho likaingia kwenye darubini, na mle ndani ya kioo, pale palipopaswa kuwa na karatasi na udongo, alisimama nguruwe dume mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, amempa mgongo, manyoya yamemsimama, na sauti ikamnong'oneza, wala si sikioni bali kwenye mfupa wa bega pale bunduki ilipoegemea, ikisema ndiye huyu, ndiye aliyekufanya uchekwe, piga sasa kabla hajageuka, na kidole kikaanza kukaza, na nguruwe akageuza kichwa kidogo tu, na Mama Pacha akaona, nyuma ya sikio la yule mnyama, penseli.

Akafumbua jicho la pili. Mumewe alikuwa amempa mgongo, anainua mkono kuitoa penseli azungushie yale matundu matatu. Kidole hakikumtii, kiliendelea kukaza. Basi Mama Pacha akautupa mwili mzima upande, akaanguka yeye na kiti na bunduki. Mlio ukapasua hewa. Kipande cha tofali kikaruka kutoka ukutani kikamkwangua Baba Pacha shingoni, naye akaanguka kifudifudi, akatulia hapo kwa muda ambao kwa mkewe ulikuwa mrefu kuliko ndoa yao yote. Kisha akainua kichwa.

Fundi alikuwa ameketi chini, mikono miwili mdomoni.

"Uliona nini?" akauliza.

"Nguruwe."

"Yule aliyeirudisha aliona swala. Kumbe alikuwa mdogo wake."

Baba Pacha alikuja akijifuta damu kwa ukosi wa shati. Hakupaza sauti. "Ulijua," alisema, "na ukaniacha niende kusimama pale."

Fundi akaeleza huku machozi yakimtoka. Habari za swala zilimfikia kwa watu, na mwanzoni alidhani ni kisingizio cha mtu aliyeua ndugu yake. Baadaye aliitupa bunduki mtoni, mara mbili, na mara zote mbili akaikuta asubuhi kwenye kona yake, kavu, haina vumbi. Tangu hapo akafunga mdomo, kwa kuwa nani atakanyaga duka lenye jini?

Alasiri hiyo hiyo akaenda kumleta mganga, mama mfupi mwenye miwani aliyeongea kama mwalimu wa hesabu. Mganga aliizunguka bunduki mara moja tu, akamwambia Baba Pacha atenganishe mti na chuma. Seremala akafungua skrubu mbili. Chini ya mtutu, ndani ya mfereji wa kitako, kulikuwa na shungi la nywele za mtu, nyeusi, mbichi, limesokotwa kama kamba. Lilikuwa na joto. Mganga akalichoma ndani ya kopo huku akisoma maneno yake taratibu, na moshi wake haukupanda. Ulitambaa sakafuni kama maji, ukapita miguuni kwa kila mtu, ukasimama kidogo miguuni kwa Mama Pacha, kisha ukapenya chini ya mlango ukatoka. Kitako kikapoa. Mtutu ukaota kutu mbele ya macho yao.

"Nyumba ya jini imevunjwa," mganga alisema. "Sasa wewe, mama, ulipoishika mara ya kwanza ulitamka neno gani?"

"Nilisema, nimekupata."

"Basi amejihesabu amekaribishwa. Atakuja kubisha kwako. Usimwitikie, hata akija kwa sauti gani."

Siku ya tisa, mchana wa jua kali, mume na mke walikuwa jikoni wanakula. Baba Pacha alikuwa na tonge mkononi, anasimulia habari za kabati la mteja msumbufu, mlango ulipobishwa.

"Hodi," sauti ikasema nje. "Mama Pacha, nifungulie. Nimelowa."

Ilikuwa sauti ya Baba Pacha.

Tonge likabaki hewani. Akamtikisia mkewe kichwa, na mkewe akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hodi ya pili ikaja, na ya tatu, bila hasira, sauti ya mume aliyechoka na kazi anayetaka tu kuingia kwake. Harufu ya manyoya ikapenya chini ya mlango. Hawakujibu. Hodi zikakoma, hata Baba Pacha akathubutu kushusha mkono sahanini.

Ndipo huko huko nje, mbele ya mlango, sauti ya Mama Pacha mwenyewe ikaitikia kwa upole:

"Karibu, mume wangu. Pita ndani."

Na kitasa kikaanza kuzunguka.