Gari Moja Lazima Litoke

Kiti cha abiria kilikuwa na joto. Muthanna Qaid alikigusa kwa kiganja, akautoa mkono, akakigusa tena. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na usukani ulikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole, lakini kile kiti cheusi kilikuwa na joto la mtu aliyekaa kitako saa nzima kisha akainuka sasa hivi.

"Ni injini tu," alijisemea, ingawa injini haikuwa imewashwa tangu jana yake.

Alikuwa na wiki tatu tu na gari hilo. La mwaka sitini na tisa, kijani cha giza, milango miwili, silinda nane, boneti ndefu kama meza ya harusi. Likinguruma, kila mwanamume wa Dearborn, mji wao huko Marekani, aligeuka. Marehemu baba yake alitoka milima ya Yafa, Yemeni, akaja kufunga milango ya magari ya namna hiyo kiwandani, miaka thelathini, na kila jioni alirudi nyumbani kwa basi. Ndiyo maana Muthanna alipolikuta linauzwa shambani kwa watu, limelala chini ya turubai miaka ishirini na mbili, hakuuliza lilikuwa la nani wala kwa nini lilifichwa. Alifungua mlango, akaingia, akacheka peke yake.

"Haya, twende," aliliambia.

Gari lao jingine lilikuwa dogo, la kijivu, la juzijuzi, kila kitu cha kubonyeza. Hilo ndilo lililompeleka mkewe, Taqiyya, kwenye duka la dawa alikofanya kazi, na halikuwahi kumsumbua mtu. Taqiyya alikuwa na mimba ya miezi minane. Banda la gari lilikuwa moja, na gari likilala barabarani siku ya theluji huburutwa na watu wa manispaa.

"Mimi sikwangui barafu na tumbo hili," alimwambia mumewe wakinywa chai ya maziwa. "Gari moja lazima litoke. Uchague kabla ya Ijumaa."

"Lile lako halina roho, Taqiyya."

"Lina hita. Mwanao anahitaji hita. Roho atakuja nayo mwenyewe."

Wakacheka. Taqiyya akakubali apandishwe lile la kijani angalau mara moja, asije akaambiwa kalihukumu gari bila kulipanda.

Hawakufika mbali. Kwanza ilikuja harufu, karafuu zilizoungua na nywele mbichi. Kisha kioo cha upande wa Taqiyya kikashika ukungu kwa ndani, duara dogo, likapanuka, likanywea, likapanuka tena, kama mtu anayekipumulia kwa karibu, na Taqiyya uso wake alikuwa kaugeuzia upande wa pili kabisa.

"Muthanna," alinong'ona. "Simamisha."

"Nini tena?"

"Nimepakatwa."

"Umefanyaje?"

"Nimepakatwa, Muthanna! Kuna mtu chini yangu. Nayasikia magoti yake. Sasa ananipapasa tumbo... simamisha gari, nakuomba, simamisha."

Alisimamisha. Mlango wa mkewe ulikataa mpaka alipozunguka nje akauvuta huku mguu mmoja kaukaza ubavuni mwa gari. Taqiyya alishuka, akashika njia ya nyumbani kwa miguu ndani ya theluji, wala hakugeuka nyuma.

Alhamisi asubuhi Muthanna alitangaza kwamba gari la kijani linauzwa. Ilimuuma kama kung'olewa jino, lakini alikuwa amekata shauri. Mchana akachukua lile la kijivu kwenda kuliosha, liwe safi kwa mke na mtoto. Aliliingiza kwenye ile mashine inayokukokota taratibu ndani ya handaki. Brashi zikashuka. Povu likafunika vioo vyote, mchana ukageuka weupe usio na mlango.

Hapo mashine ikasimama.

Milango minne ikajifunga kwa mpigo. Hita ikaanza kuvuma yenyewe, moto, moto zaidi, na ndani ya ule moto ikaja harufu ya karafuu na nywele mbichi. Muthanna alibonyeza kitufe cha kioo, kioo hakikutikisika. Akabonyeza cha mlango, nacho kikawa kama kimechorwa tu. Akapiga honi, honi ikakaa kimya. Na kile kioo kidogo cha picha mbele yake, kile cha kuonyesha nyuma wakati wa kurudi, kikawaka bila kuguswa, kikaonyesha si povu wala brashi bali kiti chake mwenyewe, kisogo chake mwenyewe, na mkono mrefu uliokuwa ukija polepole kutoka nyuma kuelekea kwenye nywele zake, naye hakuthubutu kugeuka, akakaa akiutazama mkono huo ukimkaribia, mpaka akausikia ukimlaza nywele vizuri, kwa upole, kama mama amwandaavyo mtoto kwenda shule.

Kisha ile sauti ya mashine inayoelekeza njia ikazungumza, si Kiingereza, bali Kiarabu cha milima ya Yafa, cha bibi zake.

"Kule nilikuwa na kiti kimoja tu," ilisema. "Huku nina milango, nina vioo, nina moto, nina breki. Umenichagulia vizuri."

Brashi zikazunguka tena. Gari likatokea juani, milango ikafunguka, na kijana wa kufuta maji akamkuta Muthanna amelia mpaka kola imelowa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Haji Musid, kinyozi. Watu walimjua kwa mkasi. Wachache walimjua kwa kisomo cha kutoa majini. Haji aliacha mteja na nusu ya ndevu, akaja. Waliyaweka magari yote mawili mbele ya banda, milango wazi, na Haji akasoma tangu alasiri mpaka jua lilipolala juu ya mabomba ya kiwanda. Mara mbili alinyamaza akainamisha sikio, kama mtu anayejibiwa. Alipomaliza, midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mwanangu, nisikudanganye," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hatoki. Ulimwalika."

"Mimi? Lini, Haji?"

"Siku ulipoingia ndani ya gari lile ulisema nini?"

Muthanna alifikiri, akaligeukia lile la kijani. "Nilisema, haya, twende."

"Basi. Mmekwenda."

"Na nikiyauza yote mawili?"

"Hakufuata gari, kakufuata wewe. Utanunua la tatu, ataingia la tatu. Ninachoweza ni kumfungia katika moja, nalo jingine asiliguse. Sharti ametaja mwenyewe. Atakaa kando yako, na utamwendesha kila siku ya Mungu, hata Idi. Siku ukiacha, kifungo kimekatika. Sasa chagua."

Muthanna aliyatazama. Ndani ya lile la kijivu, kwenye kiti cha nyuma, Taqiyya alikuwa amekwisha kufunga kikalio cha mtoto, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Muthanna akaweka mkono juu ya mlango wa kijani. Gari alilolitamani maisha yake yote, akalichagua huku meno yanagongana.

Lile la kijivu likapata banda. La kijani lililala uwanjani nyuma ya duka la kinyozi, na theluji haikutulia juu yake. Kila asubuhi Muthanna alilifuata kwa miguu, akaliendesha kwenda kiwandani alikofanya kazi, akaliendesha kurudi. Mlango wake ulifunguka mahali pawili tu, kiwandani na pale uwanjani. Kwingineko komeo lilizunguka ovyo mkononi mwake. Kwenye kituo cha petroli aliteremsha kioo kidogo akaomba mpita njia amjazie, akisingizia mgongo. Binti yake Bilqis alizaliwa Februari, na Muthanna alimwona saa mbili baada ya wengine, kwa sababu siku hiyo alikuwa bado hajaliendesha, ikambidi amwendeshe yule kwanza.

Pale kando yake hakuwa ameona kitu hata siku moja. Joto tu, na ile harufu. Alianza kujiambia kwamba anaweza kuzoea.

Mwezi wa nne, mchana mweupe, askari wa barabarani alimsimamisha. Muthanna alidhani ni kelele za ekzosi. Askari alikuja anatabasamu, akapitisha macho juu ya boneti.

"Gari zuri, bwana. La mwaka gani?"

"Sitini na tisa."

"Mjomba wangu alikuwa nalo kama hili." Akainama dirishani, akatazama upande wa pili wa Muthanna, na tabasamu likapungua kidogo, kwa heshima. "Lakini sheria haiangalii uzee wa gari. Na bibi naye afunge mkanda."

Muthanna hakugeuza shingo. Alisikia mkanda ukivutwa taratibu, mrefu, mrefu, kisha chuma kikaingia mahali pake.

"Asante, mama," askari alisema, akagonga paa mara mbili, akawaruhusu waende.