Hesabu ya Dawa ya Wani

Kila asubuhi Filda aliwahi kufika katika kituo cha afya huko Koboko, kaskazini mwa Uganda, akapiga deki, akatandika vitanda na kupima joto la wagonjwa. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka chuo kimoja cha Arua, aliyekuja kwa mazoezi. Alisifiwa kwa alama zake za hesabu za dawa. Sifa hizo zilikuwa na mwenyewe: rafiki yake Drani, aliyemwachia karatasi yake anakili katika mtihani.

Siku moja Elena, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliingia mbio, amembeba mwanawe Wani. Mtoto alikuwa amelegea kabisa.

"Sista, saidia! Mtoto yangu iko na moto sana!"

Muuguzi mkuu, Sista Juliet, alipima damu. Ilikuwa malaria kali. Akampandisha Wani kwenye mizani, kisha akamgeukia Filda. "Iko kilo kumi na mbili. Mimi natafuta mshipa. Wewe piga hesabu, vuta dawa. Haraka!"

Filda alishika bomba la sindano. Kila kilo hupewa dawa kiasi gani? Mwandiko wa Drani aliukumbuka, njia ya hesabu hakuijua. Ikizidi je? Ikipungua je? Angeweza kukisia tu, na hakuna ambaye angejua. Alianza kuvuta dawa, akamwona Elena akimtazama kwa matumaini.

Aliweka bomba mezani. "Sista, sijui. Mtihani nilinakili. Nitamuua huyu mtoto!"

Sista Juliet alichukua bomba. Alipiga hesabu mwenyewe, akamdunga Wani. Filda alisimama kando, akimwomba Mungu. Ilipofika alasiri, joto lilishuka na Wani akaomba uji.

"Kesho utarudi Arua, umwambie mwalimu ukweli," Sista alisema.

"Akinifukuza je?"

"Afadhali ufukuzwe hujaua mtu. Ulidhani unamdanganya mwalimu, binti yangu. Kumbe uliyemdanganya ni mgonjwa."

Filda alikwenda, roho mkononi. Mwalimu alifuta alama zake na za Drani, akawaamuru warudie somo zima. Muhula uliofuata Filda alirudi Koboko, akijua hesabu zake. Sista Juliet alimkabidhi dawa ya mgonjwa wa kwanza.

"Sista, unaniamini kweli?"

"Siku ile ulikubali kusema hujui," Sista alijibu. "Ndiyo maana leo ukisema unajua, nakuamini."