Godoro la Mzee

Mbwa alipofikishwa mlangoni hakuingia. Alisogea pembeni, akasubiri kwa muda wa kutosha mtu mmoja kupita, kisha ndipo akaingia.

"Ana adabu kuliko watoto wa jirani," alisema mwenye nyumba, fundi cherehani aliyefiwa na mumewe mwaka uliopita. Binti yake, muuguzi, alicheka. Yeye ndiye aliyemshawishi mama yake achukue mbwa kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa, kwa kuwa mwenyewe alishinda kazini na nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

Kituoni walimwita Mzee, kwa sababu ya mvi za mdomoni. Mhudumu aliwaambia kwamba alikutwa amefungiwa ndani ya nyumba iliyohamwa, na kwamba watu wengine walishamchukua wakamrudisha.

"Walimrudisha kwa nini?" binti aliuliza.

"Vituko vidogo vidogo tu," mhudumu alijibu, akitafuta mfukoni funguo alizokuwa amezishika mkononi.

Vituko kweli vilikuwepo. Mzee alikula nusu ya chakula, akarudi nyuma, akaketi kulitazama bakuli. Fundi akipita tena alilikuta bakuli tupu, na mbwa hajaondoka alipoketi. Alilala ukingoni mwa mkeka, mgongo wote ukiwa nje yake, sakafuni, katikati kukabaki nafasi ya mtu. Akiitwa, aligeuka kwanza kutazama nyuma yake, kama kibarua anayeomba ruhusa kwa msimamizi. Na hakubweka kamwe.

"Mbwa wa kituo ndivyo walivyo, mama. Wameteseka."

"Na hii harufu je?"

Ilikuwa harufu ya chuma kilicholala majini. Iliingia pamoja na mbwa, na ilikuwa kali zaidi pale katikati ya mkeka.

Mvua zilipoanza, Mzee alitetemeka usiku kucha. Fundi akaamua kumshonea godoro. Kabatini zilikuwapo nguo za marehemu mumewe, ambaye alikuwa seremala. Binti alishamwambia mara nyingi azigawe, lakini fundi hakutaka kukutana barabarani na mtu asiyemjua amevaa shati la mumewe. Kuzitupa pia hakuweza, kwa sababu katika maisha yake ya kazi hakuwahi kutupa kitambaa. Alizikata vipande, suruali kwa mashati, akavijaza ndani ya gunia safi na kulishona kwa uzi wa maturubai. Hakuzifua kwanza. Zilikuwa bado na harufu ya vanishi na jasho, na aliona mbwa atapata joto, naye atakuwa na sababu ya kuinama karibu nazo.

Siku hiyohiyo harufu ya chuma ilitoweka. Fundi alidhani ni kwa sababu ya gunia safi.

Wiki iliyofuata, giza likianza kuingia, alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za shule. Harufu ya vanishi ilimjia. Haikutoka jikoni lilikokuwa godoro, bali nyuma yake, kwenye kiti cha mumewe. Kisha mtu akakohoa.

"Bosi, washa taa. Utaharibu macho."

Mumewe alimwita Bosi kwa utani, kwa sababu cherehani ilikuwa ya mke na yeye, alivyopenda kusema, alikuwa kibarua wa kukaza skrubu. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Fundi alijua kwamba angepaswa kukimbia. Aliwasha taa. Kiti kilikuwa kitupu, na mto wake uliobonyea ulikuwa unainuka polepole.

Alikaa chini akalia, na hakulia kwa hofu.

Tangu jioni hiyo sauti ilirudi, naye alikuwa akiijibu. Hakumwambia binti yake. Mzee alikonda. Sasa hakula hata ile nusu, ila bakuli lilikuwa likiisha vilevile.

Binti aligundua alasiri moja alipotoka kazini mapema. Kutoka ukumbini alimsikia mama yake akicheka kama ambavyo hakuwa amecheka tangu msiba, na baada ya kicheko akasikia sauti ya kiume ikimjibu, sauti aliyoijua kabla hajajua kutembea, sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe, kwa mikono yake, wodini, alimfumba macho, na ingawa miguu yake ilitaka kurudi barabarani alisukuma mlango akaona mama yake kwenye cherehani, kiti kitupu kando yake, na mbele ya kiti Mzee amelala kifudifudi, mbavu nje, manyoya ya mgongo yamelala bapa mahali pawili, kama kuna miguu imepumzishwa juu yake.

"Mama," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Punguza sauti. Hapendi kelele."

"Baba alipenda kelele."

Fundi alikata uzi. "Amebadilika," alisema.

Mganga aliyeletwa na binti kesho yake alikuwa mwanamke mwenye miwani, na aliwaogopa mbwa. Alisimama juu ya stuli kwa kuwa Mzee alikuwa chumbani.

"Anang'ata?"

"Hana hata nguvu ya kusimama," alisema binti.

"Hao ndio wabaya." Lakini godoro lilipoletwa kutoka jikoni alishuka mwenyewe. Aliligusa, akanusa vidole. "Hili ni jini, mama. Huyu mbwa ni mtumishi wake tangu zamani. Lilikuwa halina sura. Wewe ndiye uliyelishonea."

"Linanijua kwa jina."

"Linajua kilichomo ndani ya nguo. Linakula kupitia kwa mbwa, na mbwa anakwisha. Zichome zote, kwa mkono wako. Hakuna atakayekusaidia kufumua hata uzi."

"Na nikikataa?"

"Mbwa atakufa. Halafu litatafuta mtumishi mwingine humu ndani."

"Mimi niko tayari," fundi alisema haraka.

"Mama!"

"Wewe, sawa," mganga alisema. "Na mwanao? Na huyu je, naye alikubali?"

Fundi alimtazama Mzee. Mbwa alikuwa akimtazama yeye moja kwa moja, hakugeuka nyuma.

Walilitoa godoro uani. Fundi alifumua mshono wake mwenyewe, na kwa kuwa alishona kwa ustadi ilichukua muda, na muda wote huo sauti ilizungumza kutoka dirishani, kwanza kwa utani, Bosi, unaharibu kazi nzuri, kisha kwa upole, ikitaja wimbo waliokuwa wakiimba umeme ukikatika, na jina walilomchagulia mtoto ambaye hakuzaliwa, na moto uliposhika shati la kwanza ikaanza kutetemeka, Bosi, nasikia baridi, Bosi, unaniacha tena, mpaka binti akaziba masikio, na mama yake, ambaye hakuziba, akauzika uso wake ndani ya kipande cha mwisho, akavuta pumzi ndefu, akakiachia.

Sauti ilipoteza umbo. Ikawa mburuzo wa chuma juu ya sakafu yenye maji, ikapita karibu yao kuelekea lango. Mzee akajikokota, akasimama, akabweka. Akaendelea kubweka hadi harufu ikaisha.

Mganga alienda zake kwa kuzunguka upande wa pili wa nyumba, mbali na mbwa. Binti aliingia kumpikia Mzee uji. Fundi alikuwa akimwagia maji majivu wakati jirani alipochungulia juu ya ukuta. Ndiye mwanamke aliyelala naye mkekani, kumliwaza, siku zote za msiba.

"Mama fundi, moshi wote huu?"

"Nilikuwa nachoma vitambaa chakavu."

"Si ungenigawia? Matambara ya deki yameniishia."

"Vimekwisha."

"Haya. Na sare ya mwanangu?"

"Njoo kesho."

Aliingia ndani, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali bila kuweka kitambaa. Alilia hapo kwa muda mrefu, mguu haupumziki, ili binti yake kule jikoni asikie mashine tu.